Kuivika Titani Koti Gumu kwa Leza: Mwongozo kwa Fundi Anayeanza

Ujumbe unaonifikia hapa Nakuru unafanana wiki baada ya wiki. Anayeandika ni mwanafunzi wa Egerton au Masinde Muliro mwenye mradi wa mwaka wa mwisho, au ni fundi wa Kisumu aliyenunua mashine ya leza ya kuchomelea kwa mkono na sasa anataka imlipe zaidi ya kazi za mageti. Anatuma picha: kipande cha titani kimegeuka buluu, koti limepasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Chini ya picha ameandika, "Fundi, nimekosea wapi?"

Karibu kila mara kosa lilifanyika kabla ya leza kuwashwa. Kazi yenyewe ni hii: unapaka unga juu ya titani, kisha unauyeyusha kwa leza ushike kama koti. Ndiyo maana utaona nimekaa sana kwenye maandalizi, na leza yenyewe nimeipita haraka.

Tuelewane kwanza kuhusu chuma chenyewe. Titani ni nyepesi na haiogopi chumvi, kwa hiyo wanaipenda watu wa mifupa bandia, wa pampu za maji makali na wa mitambo ya mvuke wa ardhini. Lakini ina kasoro mbili. Ikisuguana na chuma kingine inang'ang'ania na kujichuna; hata bolti ya titani ndani ya nati ya titani, ukiikaza kavu, inaweza kushikana hadi uitoe kwa grainda. Kasoro ya pili ni moto. Ikizidi nyuzi 550 hivi hewani, titani huanza kunywa oksijeni. Ngozi yake inakuwa kavu ya kupasuka, na juu inatoa magamba.

Pia si chuma cha kuchezea. Mchanga wa Kwale wenye ilmenaiti na rutili, madini ya titani, ulichimbwa hadi mwisho wa 2024, lakini uliondoka Mombasa ukiwa mchanga. Titani tunayoshika sisi imetoka ng'ambo, kwa bei ya ng'ambo. Kila bamba unaloharibu unalilipia.

Na kama shida yako ni nyundo za kinu cha posho au majembe ya trekta yanayoisha haraka, mwongozo huu si wako. Hayo ni ya chuma cha kawaida na rodi za kuongezea ugumu, kazi ambayo fundi yeyote mzuri wa jua kali anaimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Amua kwanza: msuguano au moto?

Ukinipigia simu, hili ndilo nitakalokuuliza. Wengi hujibu "vyote viwili", na hapo ndipo mradi unapozama.

Koti la msuguano ni unga wa titani uliochanganywa na kabaidi ya titani, yaani titani iliyoungana na kaboni ikawa ngumu sana. Titani inayeyuka kwenye nyuzi 1,668. Kabaidi inataka zaidi ya 3,000. Leza inapopita, titani inakuwa uji na kabaidi inayeyuka kiasi tu. Ikipoa, punje ngumu zinabaki zimezama ndani kama kokoto kwenye zege. Tatizo ni kwamba kabaidi hiyo hiyo, ukiiweka kwenye moto mkali wenye hewa, inaungua. Koti zuri la bushi ya pampu ni koti bovu la valvu ya injini.

Koti la moto ni titani na alumini, pengine na silikoni kidogo. Joto likipanda, alumini inajitengenezea utando wa oksaidi unaochelewesha oksijeni kupita. Koti hili ni kavu na linapenda kupasuka linapopoa. Anayeanza aanze na la msuguano. La moto alifuate akishazoea.

Kuna unga wa tatu ambao wauzaji watakusukumia kwa sababu unapatikana kwa urahisi: mchanganyiko wa nikeli, kromu, boroni na silikoni. Kwenye chuma cha kawaida ni mzuri sana. Kwenye titani, nikeli na titani zinaoana vibaya, zinazaa tabaka kavu katikati, na koti linapasuka. Wapo wanaouweza. Wewe bado.

Vitu vya kuwa navyo

- Bamba la titani, gredi ya 5 (Ti-6Al-4V), unene wa milimita 6 au zaidi. Bamba jembamba litapinda kama chapati.
- Unga wa titani wa gredi hiyo hiyo na unga wa kabaidi ya titani, punje za kati ya maikromita 45 na 150. Unga laini kuliko huo unawaka kwa cheche na unapeperuka kwa pumzi ya agoni, gesi ya kuikinga kazi na hewa.
- Mashine ya leza ya faiba, wati 1,500, yenye uwezo wa kutikisa mwali, yaani kuupeleka huku na huku.
- Mtungi wa agoni safi, 99.99 kwenda juu, wenye regyuleta ya kusoma lita kwa dakika.
- Pombe ya polivinili ya unga, ya kutengenezea gundi.
- Asetoni, vitambaa visivyotoa nyuzi, glavu safi.
- Mizani ya sonara inayosoma gramu 0.001.
- Kipimajoto cha waya, aina ya K. Kile cha kulenga kwa mbali hudanganywa na mng'ao wa titani.
- Lathi, au chochote kinachosogea kwa mwendo usiobadilika.

Swali linalorudi kila mara: mashine ya leza ya kuchorea majina kwenye kalamu na vikombe, ya wati 20 au 30, haiwezi? Haiwezi. Itaipaka titani rangi nzuri za upinde wa mvua, lakini rangi hizo ni utando mwembamba wa oksaidi. Hakuna koti hapo.

Macho, mapafu na moto

Soma sehemu hii hata kama umechomelea miaka ishirini.

Mwali wa leza ya faiba, wa nanomita 1,080 hivi, hauonekani. Jicho halioni kitu, kwa hiyo kope hazifumbi, na kilichoungua ndani ya jicho hakiponi. Kofia yako ya kuchomelea ya kioo cheusi haikutengenezewa mwali huu. Nunua miwani iliyoandikwa OD 6 (kiwango cha kuzuia mwali) au zaidi kwa urefu wa wimbi wa mashine yako, na kila aliye ndani ya chumba aivae, hata kijana aliyekuja kukuletea chai. Zungushia eneo la kazi mabati yaliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na mlango ufungwe kwa ndani.

Vumbi la kabaidi na moshi wa kazi si wa kuvuta. Vaa barakoa ya N95 au bora zaidi.

Agoni ni nzito kuliko hewa. Inatulia chini na haina harufu. Karakana ndogo iliyofungwa madirisha yote inaweza kukuangusha bila onyo.

Titani ikishika moto, usimwage maji. Mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dayoksaidi nao hausaidii, kwa maana titani huwaka hata ndani ya gesi hiyo. Ndoo ya mchanga mkavu kabisa iwe karibu na mguu wako. Nasema mkavu kwa sababu nimeona ndoo iliyoachwa nje mvua ya Aprili ikanyesha ndani yake.

Hatua kwa hatua

1. Tengeneza karai la agoni. Hii ndiyo nusu ya kazi yote. Agoni inayotoka kwenye nozeli ya bunduki peke yake haitoshi titani: leza ikishapita, mstari ulioachwa nyuma bado ni mwekundu na hewa inauvamia. Chukua bati, tengeneza sanduku lisilo na kifuniko, urefu milimita 400, upana 200, kina 120. Chini laza bomba la shaba lenye vitobo vidogo, ulifunike kwa pamba ya chuma kisichoshika kutu ili gesi ipande taratibu bila kuvuruga hewa. Titani ikae juu ya matofali madogo, angalau milimita 40 chini ya ukingo. Kwa kuwa agoni ni nzito, italijaza karai kama maji. Usifunike kwa foili ya alumini. Inarudisha mwali kama kioo.

Hakikisha mtungi si wa mchanganyiko. Mtungi wangu wa kwanza nilioazima ulikuwa wa kuchomelea vyuma vya kawaida, agoni yenye kaboni dayoksaidi ndani yake. Sikusoma lebo. Nilipoteza mabamba matatu kabla ya kuinama kuisoma.

2. Andaa uso wa titani. Sugua kwa msasa namba 80 hadi 120 mpaka mng'ao wote uishe. Msasa uwe mpya. Diski ya grainda iliyokwisha kusugua chuma, au brashi ya nyaya za chuma, itapachika chembe za chuma ndani ya titani, na chembe hizo zitakuletea vitobo na madoa. Kisha futa kwa asetoni mara mbili, kila mara kwa kitambaa kipya. Petroli na thina huacha mafuta. Dawa zenye klorini, pamoja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe, zikae mbali kabisa: titani yenye mabaki ya klorini ikipata joto inaweza kupasuka. Ukishafuta, usiguse kwa kidole.

Kuna atakayekushauri uoshe kwa asidi ya haidrofloriki kama viwanda vinavyofanya. Asidi hiyo hupenya ngozi hadi mfupani. Msasa unatosha.

3. Pima na uchanganye unga. Anza na gramu 80 za titani kwa gramu 20 za kabaidi. Wageni wote wanataka kuanza na nusu kwa nusu ili koti liwe gumu zaidi, na wote wanapata koti la kigae. Ukiona 20 inakubali bila ufa, panda hadi 30. Tikisa kwenye chupa kavu ya plastiki kwa dakika 20 polepole; usitumie blenda wala kinu.

Wa koti la moto: gramu 64 za titani kwa 36 za alumini ndiyo hesabu ya atomu moja kwa moja. Kwa kuwa bamba la chini litayeyuka kidogo na kuongeza titani yake, mimi hupandisha alumini hadi 40. Alumini iwe ya punje kubwa vilevile. Ule unga wa fedha wa wapaka rangi ni laini kama poda ya mtoto na unalipuka. Usiuingize karakanani.

4. Tengeneza gundi. Yeyusha gramu 3 za pombe ya polivinili kwenye mililita 100 za maji moto yaliyochujwa. Sasa sikiliza hapa: gundi nyeupe ya seremala nayo huandikwa PVA kwenye kopo, lakini ni kitu kingine, asetati ya polivinili. Inaacha kaboni na gesi nyingi, na koti linatoka na matundu kama mandazi yaliyozidiwa hamira. Ninaulizwa kuhusu vitobo kuliko jambo lingine lolote, na mara nyingi jibu ni kopo hilo.

5. Paka. Changanya unga na matone ya gundi mpaka uwe kama uji mzito wa wimbi. Weka vipande viwili vya bati la unene wa milimita 0.8 pembeni kama reli, mimina katikati, kisha pitisha rula. Kwa eneo la milimita 100 kwa 30 utahitaji gramu 6 hivi. Acha ukingo wa milimita 10 bila unga upande mmoja; utajua sababu kwenye hatua ya 7. Unga ukiyeyuka unasinyaa karibu nusu, kwa hiyo koti la mwisho litakuwa kama milimita 0.4. Usijaribu kupaka milimita 2 ili umalize kwa mkupuo. Leza itayeyusha juu na chini pabaki unga mkavu.

6. Kausha. Ovu ya umeme, nyuzi 90, saa mbili. Usiweke juu ya jiko la makaa, masizi yataingia. Walioko Kisumu wawe wakali zaidi hapa: unyevu wa ziwa unarudi ndani ya unga usiku mmoja tu. Ukikausha leo, choma leo, au hifadhi kwenye kopo linalofunga lenye vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

7. Funga bunduki ya leza. Mkono wa binadamu hauwezi mwendo sawasawa, hata uwe mkono wa daktari wa upasuaji. Mimi hufunga bunduki kwenye stendi isiyosogea, karai likakaa juu ya gari la lathi. Lathi ikizunguka mara 180 kwa dakika huku imeingizwa gia ya parafujo ya milimita 2 kwa mzunguko, gari linatembea milimita 360 kwa dakika, yaani 6 kwa sekunde. Lalisha bunduki nyuzi 10 hivi ili mwali unaorudi usiingie ndani ya lenzi.

Mashine nyingi haziwaki mpaka nozeli iguse chuma kilichofungwa klipu ya usalama. Hapa ikigusa itafuta unga. Wengine wanaunga waya ili kuidanganya mashine. Siku moja bunduki itaanguka ikiwa inawaka. Fanya hivi: funga kidole cha shaba kwenye nozeli, kiteleze juu ya ule ukingo ulioachwa bila unga. Bunduki ikitoka mahali pake, mwali unazimika.

8. Jaza agoni na uipime. Lita 15 kwa dakika, dakika tano. Mafundi hupenda kushusha njiti ya kiberiti ndani ya karai. Ikizimika wanasema tayari. Njiti huzimika mapema mno, hewa bado ipo tele kwa viwango vya titani. Kipimo cha kweli ni titani yenyewe: weka kipande cha chakavu kando, kiyeyushe mstari mmoja, ukiache kipoe humo humo. Kikitoka rangi ya fedha, endelea. Rangi ya majani makavu, bado unaweza kuendelea ukiongeza gesi kidogo. Zambarau au buluu, simama utafute mwanya. Kijivu au unga mweupe, ni kama ulichomea nje barazani.

9. Pasha bamba joto. Nyuzi 250 hadi 300, ukiwa tayari kwenye agoni, kwa kipashio cha umeme chini ya bamba. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa kipande "kidogo tu". Bamba baridi linanyonya joto ghafla, koti linavutwa kila upande, nyufa zinalia kama mahindi ya bisi. Kwa koti la alumini, panda hadi 400.

10. Jaribu mstari mmoja mmoja. Kwenye chakavu kilichopakwa, choma mistari mitano: wati 800, 900, 1,000, 1,100 na 1,200. Mtikiso wa mwali uwe upana wa milimita 3, kasi ile ile ya 6 kwa sekunde. Kwa wati 1,000 hesabu ni 1,000 gawanya kwa 18 (6 mara 3), yaani jouli 56 hivi kwa kila milimita ya mraba. Iandike hesabu hiyo, maana ukibadilisha kasi au upana ndiyo itakayokurudisha njiani. Kata mistari kwa kukingama, sugua kwa msasa hadi namba 1,000, tazama kwa lenzi. Unatafuta mstari ulioshika chini vizuri lakini haukuchimba: sehemu iliyozama ndani ya bamba iwe ndogo sana kuliko iliyosimama juu. Ukichimba sana, kabaidi yako imesambaa kwenye titani tupu na umejinyima ugumu ulioulipia.

11. Choma koti lote. Sogeza milimita 1.8 kila mstari, ili mstari wa milimita 3 uulalie mwenzake kwa asilimia 40. Subiri kati ya mstari na mstari mpaka kipimajoto kirudi kwenye joto la hatua ya 9. Stima ikipotea katikati ya mstari, usitoe bamba kwenye karai kwa hasira. Acha gesi iendelee, kisha baadaye anza milimita 10 nyuma ya ulipoishia.

12. Acha ipoe humo humo. Zima kipashio, na agoni isifungwe mpaka bamba lishuke chini ya nyuzi 400, halafu ufunike karai kwa bati, lipoe pole pole hadi uweze kulishika. Mwanafunzi mmoja wa Kakamega aliharibu koti safi kabisa kwa kulitoa likiwa bado la moto ili apige picha.

13. Laini uso. Jiwe la kijani la kabaidi ya silikoni au la almasi, maji mengi, mgandamizo mdogo. Ukisaga kavu, cheche nyeupe za titani zinaweza kuwasha vumbi lililo chini ya benchi. Tope la kusagia usilifungie kwenye kopo lenye kifuniko, linatoa haidrojeni.

Kupima bila maabara

Nyufa zitafute kwa mafuta ya taa na chaki, njia ya zamani na bado ni nzuri. Paka mafuta ya taa, acha dakika 15, futa mpaka pakauke, nyunyiza chaki iliyosagwa. Penye ufa mafuta yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki.

Msuguano: chukua kipande chenye koti na kisicho na koti, ukubwa sawa. Pima uzito. Weka uzito wa kilo 1 juu yake, ukivute kwenye msasa namba 120 mara 100, urefu wa sentimita 20 kila mvuto, msasa mpya kwa kila kipande. Pima tena. Kwa titani na kabaidi unaweza kulinganisha gramu kwa gramu, maana msongamano wao unakaribiana. Kwa koti la nikeli sivyo: nikeli ni nzito karibu mara mbili, lazima ugawanye upate ujazo.

Moto: wengi wanaweka kwenye tanuri kipande kilichovikwa uso mmoja, wanapima, kisha wanalia kwamba koti halijasaidia. Pande tano zilizo uchi zilikuwa zinakunywa oksijeni muda wote! Kata vipande viwili vya milimita 20 kwa 20 kwa 6. Jumla ya uso ni milimita za mraba 1,280, na uso uliovikwa ni 400 tu. Viweke kwenye tanuri la umeme la mfinyanzi, nyuzi 800, saa 10, kila kimoja ndani ya kibakuli chake cha kauri, na upime pamoja na kibakuli ili magamba yaliyodondoka yahesabiwe. Tuseme kipande uchi kimeongeza miligramu 32: hiyo ni 0.025 kwa kila milimita ya mraba. Tuseme chenye koti kimeongeza 24. Pande zake zilizo uchi, milimita 880, zimechukua 22. Koti limechukua 2, yaani 0.005, mara tano chini ya titani tupu. Lakini mizani yako inakosea miligramu 1 huku na huku, kwa hiyo usiiandike "mara tano" kwenye ripoti kama aya ya msahafu. Ongeza saa uone kama inashikilia.

Mambo yakiharibika

*Nyufa zinazokata mistari kwa kukingama.* Bamba lilikuwa baridi, au kabaidi imezidi. Pasha zaidi kabla ya kupunguza kabaidi. Badilisha kimoja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kilichokuponya.

*Koti linabanduka lote kama ganda la yai.* Nguvu ilikuwa ndogo, au uso ulikuwa na mafuta. Geuza ganda utazame mgongo wake. Ukiwa laini unaong'aa, halikushika kabisa: ongeza wati 100. Ukiwa na madoa ya kahawia, rudi hatua ya 2.

*Vitobo.* Gundi au unyevu. Harufu ya kitu kilichoungua unapofungua karai ni gundi.

*Unga unajikunja kuwa vishanga badala ya mstari.* Kasi kubwa mno, au agoni ya nozeli inapuliza unga. Punguza gesi ya nozeli hadi lita 5 na uache karai lifanye kazi.

*Rangi ya dhahabu.* Hili huwachanganya watu. Ikiwa ya majani makavu, nyembamba, inayofutika kwa msasa laini, ni oksijeni kidogo. Ikiwa dhahabu ya kweli na tupa inateleza juu yake, naitrojeni imeingia na umetengeneza naitraidi ya titani bila kukusudia. Angalia kama mashine bado imeunganishwa na mtungi wa naitrojeni uliotumia kwa chuma kisichoshika kutu. Kuna wanaofanya hivyo makusudi, wakichanganya naitrojeni kidogo kwenye agoni bila kuweka unga wowote, na wanapata uso mgumu mwembamba. Naitrojeni tupu itakupasulia.

*Ilikuwa nzuri jana, leo leza haina nguvu, na hujabadilisha chochote.* Toa lenzi ya kinga kwenye bunduki uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Doa dogo kama kichwa cha pini linatosha. Nunua lenzi kumi kwa mpigo, maana ya kwanza itakufia Ijumaa jioni na inayofuata itachelewa kuja na basi la Nairobi.